Kidole tumbo si ugonjwa wa watu wa mjini

"Hiyo ni minyoo. Kidole tumbo ni ugonjwa wa watu wa mjini." Hiyo ilikuwa sauti ya shosho kwa simu kutoka Kajiado mwaka jana, siku binamu yangu mdogo alianza kulia kwamba tumbo linamuuma, hapa kwetu Kitengela. Ana miaka 8 na anatibiwa leukemia. Kliniki moja ilimpa dawa ya kutuliza maumivu, akarudishwa nyumbani. Jioni homa ikapanda, tukakimbia Nairobi.

Baadaye nilijiuliza shosho alitoa wapi hiyo stori. Wasee, kumbe hata madaktari wakubwa walikuwa nayo.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya, na 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari wakasafiri kama kilomita 16,000 Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona. Leo saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt. Na haikai kwenye taya tu. Inaweza kuanzia tumboni, chini upande wa kulia, ikajifanya kidole tumbo.

Sasa sikia hii. Burkitt huyohuyo, mwaka 1971, aliandika kwamba kidole tumbo ni nadra vijijini Afrika kwa sababu watu hula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Sawa, sukuma na maharagwe ni poa. Lakini nadra haimaanishi haupo. Mtoto wa Kajiado anaweza kuugua kama tu wa Nairobi.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya 1886, madaktari wengi walidhani usaha wa upande huo unatoka mwanzo wa utumbo mpana, wakauita taifilaitisi. Reginald Fitz wa Boston akaonyesha kwamba mara nyingi chanzo ni kidole tumbo. Lile jina likasahaulika. Kisha kemo ikaja, na kufikia 1970 jina lilikuwa limefufuka, safari hii kwa watoto wenye leukemia. Kemo hushusha seli nyeupe za damu, halafu bakteria hushambulia utumbo palepale jirani na kidole tumbo.

Maumivu ni yaleyale, matibabu ni tofauti. Kidole tumbo kwa kawaida hukatwa. Taifilaitisi mara nyingi hutibiwa kwa antibayotiki za kwenye mshipa na kupumzisha utumbo, daktari wa upasuaji akiwa macho. Kubonyeza tumbo pekee hakutoshi, maana seli nyeupe zikiwa chache dalili hufifia, na dawa za steroidi huficha maumivu. Lazima damu ipimwe, na altrasaundi au siti skani ifanywe.

Binamu alikuwa na taifilaitisi. Hakupasuliwa, na alipona. Kwa hivyo shosho hakukosea, haikuwa kidole tumbo. Lakini tungemsikiza tungelala nyumbani, na sijui kama ningekuwa naandika hii.

Maoni yangu ni haya: mtoto wa kemo akisema tumbo linauma, usimpe dawa ungoje asubuhi. Piga simu kwa wanaomtibu saratani, usiku huohuo.

Siku hizi shosho akipiga, swali lake la kwanza ni, "Joto lake ni ngapi?"