Marufuku, Faida na Matabaka: Capone na Wapika Gongo

Wanafunzi wetu hapa Uyole wakisikia jina la Al Capone hufikiria sinema. Sisi tunaoichambua historia kwa njia za uzalishaji mali hatuna budi kumtazama kama mfanyabiashara wa kibepari.

Alizaliwa Brooklyn tarehe 17 Januari, 1899, mtoto wa kinyozi mhamiaji kutoka Italia. Siku alipotimiza miaka 21, Marekani ilianza kutekeleza marufuku ya kutengeneza na kuuza pombe. Kiu haikupungua, bidhaa iliadimika na bei ikapanda. Huko Chicago alijifunza kazi chini ya Johnny Torrio, ambaye baada ya kupigwa risasi mwaka 1925 alimwachia himaya nzima: viwanda vya siri, malori, vilabu, na zaidi ya yote polisi na wanasiasa walionunuliwa. Tarehe 14 Februari, 1929 watu saba wa upande wa washindani waliuawa ndani ya gereji. Huo ni ukiritimba ule ule wa makampuni makubwa, ila kwa bunduki. Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato. Kwa mauaji hakuhukumiwa kamwe.

Turudi kwetu. Kwa Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 mabeberu walikubaliana kuwazuia Waafrika vinywaji vikali, huku wao wakiendelea na wiski zao klabuni. Marufuku yetu ilikuwa ya rangi. Watu wakachukua debe, bomba na maji ya kupoozea, wakachemsha pombe ya nafaka, na mvuke ukawa gongo. Kibera, Wanubi walivuma kwa jini yao.

Mbona hapa hakutokea Capone? Mpika gongo, mara nyingi mwanamke, hakuwa na mtaji wa kumnunua ofisa. Aliuza kidogo kidogo apate chumvi na ada ya mtoto. Akikamatwa, mtambo ulivunjwa na yeye akafungwa.

Baada ya Uhuru, Uganda mwaka 1965 na Tanzania mwaka 1966 zilitunga sheria za kutoa leseni. Asiye na leseni alibaki mhalifu. Hapa nawachokoza makada wenzangu: tuliporithi katazo la mkoloni, tulilirithi kwa faida ya nani? Hoja ya afya ni ya kweli. Gongo mbaya hupofusha na huua. Lakini mama wa Iringa anayeuza ulanzi mchana hulipa ushuru na kuitwa mjasiri; jirani yake mwenye debe na bomba, aliyekosa fedha za leseni, ndiye tuliyemtuma mgambo akamgongee mlango usiku.