Redio Kaseti (Busia na Malaba)

Redio kaseti ni kifaa kimoja kinachobeba redio, deki ya kaseti, amplifaya na spika, kwa bei nafuu kuliko mashine za vipande. Kaseti yenyewe ililetwa na Philips mwaka 1963. Busia na Malaba, miji ya Kenya inayopakana na Uganda, mawimbi hayaulizi pasipoti: msikilizaji husogeza mshale tu, akatoka KBC, redio ya taifa ya Kenya, akaingia stesheni ya ng'ambo. Stima ikipotea, mawe ya redio humwendeleza mwanamuziki Franco. Ubovu wa kawaida wa redio kaseti ni mkanda wa mpira kulegea, sauti ikaburura kama mlevi; fundi hubadilisha mkanda, akafuta hedi inayosoma kaseti kwa pamba yenye spiriti. Subwoofa za leo zina besi nzito zaidi, ila kwa kawaida hazichezi kaseti.