Ndege, Shule na Chungu cha Uwele

Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa kwa Wanyaturu wa Singida mwishoni mwa miaka ya 1950 akichunguza uchumi wao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Aliyoyaandika yanaeleza vizuri ardhi ile ngumu iliwezaje kulisha watu. Ng'ombe walilala zizini, samadi ikaenda shambani, shamba likatoa uwele na mtama, na nafaka iliyozidi ikanunua ng'ombe wengine. Mkulima mkuu alikuwa mwanamke.

Ugali wa uwele, wa rangi ya kijivu, uliliwa kwa mlenda. Majani ya mlenda yalichumwa wakati wa mvua, yakaanikwa na kutwangwa, yakawa mboga ya kiangazi kizima. Ng'ombe alikuwa mali kabla ya kuwa kitoweo, kwa hiyo nyama haikuwa ya kila siku. Leo daktari akimwandikia mgonjwa wa kisukari chakula kinachomfaa, hafiki mbali na chungu hicho: nafaka isiyokobolewa, majani ya kijani, nyama kidogo. Uwele pia una madini ya chuma na mafuta mengi kuliko mahindi. Ni kwa sababu ya mafuta hayo unga wake huchacha upesi, na mama wa zamani akasaga wa kumtosha siku chache tu.

Singida hupata mvua ya msimu mmoja, milimita kati ya 500 na 800 kwa mwaka. Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua, mavuno yamekwenda. Mtama hukunja majani ukangoja, na mvua ikirudi huendelea kukua. Kwa nini basi watu waache mtama na uwele, wapande mahindi?

Wengi hutaja bei na serikali, na kweli zimo. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 serikali ilihimiza mtama katika mikoa mikavu, na Shirika la Usagishaji la Taifa likaununua. Lakini mijini watu walitaka sembe nyeupe. Maghala yakajaa mtama usio na mlaji. Katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji iliwahamishia wengi kwenye vijiji vipya, wakayaacha nyuma mashamba yaliyorutubishwa kwa samadi ya miaka mingi.

Mimi naiona sababu kubwa mahali pengine, juu ya dungu.

Suke la uwele limekaa wazi, halina maganda ya kulifunika kama gunzi la hindi. Kweleakwelea mmoja hula gramu kama 10 kwa siku. Kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Kinga ilikuwa mtoto. Alfajiri alipanda dunguni na kombeo lake, akawinga ndege mpaka jua lizame, wiki baada ya wiki, tangu punje zikiwa na maziwa hadi mavuno. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Lilikuwa jambo jema, na hakuna mzazi wa kulijutia. Ila dungu lilibaki tupu. Mama aliyebaki peke yake na ekari zake alipanda mahindi, zao ambalo ndege hawalimalizi, hata kama ukame ungelimaliza.

Watafiti hawakukaa kimya. Mwaka 1994 zilitolewa mbegu mbili za uwele, Okoa na Shibe, na majina yake yanasema zilikusudiwa nini. Mbegu ya mtama iitwayo Macia ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Umoja wa Mataifa nao ukaufanya mwaka 2023 kuwa wa jamii ya mtama, uwele na ulezi. Dar es Salaam unga wa nafaka hizi sasa unapakiwa kama chakula cha afya, na aghalabu bei yake hupita ya sembe.

Shambani ndege wanarudi kila msimu. Makundi yakizidi, serikali hutuma ndege ya kunyunyizia sumu kwenye miti wanakolala. Sumu hiyo haichagui kweleakwelea peke yao; huua pia mwewe na bundi wanaowala, na ndege wengine waliolala hapohapo. Zao linalohitaji maji kidogo kuliko mahindi linalindwa kwa njia hiyo, na mkulima anayelipanda bado anatafuta mtu wa kupanda dunguni.