Shaba, Samaki na Magitaa ya WITCH

Mkoa wa Luapula, ambamo mji wa Nchelenge umekaa kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, umepata sifa hususan kwa kalindula, muziki uliopewa jina la besi ya kienyeji iundwayo kwa mkono. Ama anayetaka kujua jinsi vijana wa Zambia walivyopata kupiga roki, hana budi kuifuata njia ya samaki wa ziwa hilo na ya vijana waliokwenda kutafuta kazi, avuke Mto Luapula na pembe ya ardhi ya Kongo inayoingia ndani ya Zambia, hata afike kwenye miji ya shaba.

Huko Kitwe, mmoja wa miji hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilizaliwa kundi la WITCH, ambalo herufi za jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye azma ya kuleta vurugu, ingawa vurugu yenyewe iliishia jukwaani. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alilakabiwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger. Chris Mbewe na John Muma walishika magitaa, Gedeon Mulenga besi, na Boidi Sinkala akaketi kwenye ngoma. Albamu yao "Introduction" aghalabu huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Kizambia kutolewa kibiashara, nayo "Lazy Bones!!" ikafuata mwaka 1975.

Kaunda, rais wa Zambia wakati huo, aliamuru asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na amri hiyo, iliyokusudiwa kuulinda utamaduni, ikawafungulia mlango wapigaji wa magitaa ya umeme. Bei ya shaba, hata hivyo, ilianguka katikati ya muongo huo, na mshahara wa mchimba migodi ndio uliokuwa ukinunua tiketi na santuri. Tena vita vya nchi jirani ya Rhodesia vikaleta amri ya kutotoka nje usiku, maonyesho yakahamia mchana. Wengi huilaumu shaba peke yake kwa kufifia kwa muziki huo, nami naona hiyo ni nusu ya habari: kijana akishakuwa baba, makofi hayalipi kodi ya nyumba. Jagari aliondoka takriban mwaka 1977 kwenda kusomea ualimu, na waliobaki wakageukia disko hadi albamu ya "Kuomboka" mwaka 1984.

Ukimwi uliwachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Wenzake Jagari wa mwanzo katika WITCH wote wakawa marhumu, naye akaingia katika uchimbaji wa vito, hadi wakusanyaji santuri wa Marekani na Ulaya walipomtafuta; mwaka 2023, pamoja na Patrick Mwondela wa zama za disko na vijana wa Ulaya, akatoa "Zango", iliyorekodiwa Lusaka.