Ushirikishanaji wa Maarifa katika Migodi ya Cornwall, Uingereza

Hadi mwaka 1800, wawekezaji wa migodi ya Cornwall walilipia hataza ya injini ya mvuke ya James Watt ili kutoa maji migodini, ilhali makaa ya mawe yaliagizwa kwa meli kutoka Wales. Kuanzia mwaka 1811, migodi kadhaa ilimteua Joel Lean apime injini zao na kuchapisha matokeo kila mwezi. Kwa hiyo, ubunifu wa mhandisi mmoja uliigwa na wengine, na uzembe haukufichika. Kufikia miaka ya 1840, wastani wa ufanisi ulikuwa umezidi maradufu. Wawekezaji wengi walikuwa na hisa katika migodi kadhaa. Hivyo, inadhihirika kwamba kwao usiri ulikuwa hasara.