Mbiru: Jina na Maana Zake katika Historia ya Upare

Yafaa wachunguzi wa lugha wakumbuke kwamba jina la kale, likipewa kitu kigeni, si lazima likifanye kitu hicho kuwa cha wenyeji. Katika historia ya Upare mfano ulio wazi wa jambo hili ni neno mbiru, ambalo limepata kuwa na maana tatu mbalimbali.

Maana ya kwanza ni ya jadi. Kabla ya utawala wa kikoloni, mbiru ilikuwa ada ambayo raia waliwapa watawala wao. Haikulipwa kwa shilingi wala haikuandikwa daftarini.

Maana ya pili ililetwa na serikali. Waingereza waliitawala Tanganyika kwa kuwatumia watawala wa kienyeji, nao walipenda kuyavika mambo mapya mavazi ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 walianzisha katika Wilaya ya Pare kodi ya ngazi, yaani kodi iliyokadiriwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, wakaiita mbiru. Shabaha yao ilikuwa watu waione kuwa ni jambo lao wenyewe.

Hapo ndipo jina na kitu vilipoachana. Ada ya zamani ilikuwa alama ya utii kwa mtawala aliyejulikana; kodi mpya ilikuwa hesabu ya mkadiriaji. Mifugo na mashamba, vilivyokuwa alama ya heshima ya mwenyewe, viligeuka kuwa ushahidi dhidi yake. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kichwa, iliyo sawa kwa wote, walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni kukadiriwa.

Mnamo Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani mpaka Same, penye boma la wilaya, na miongoni mwa viongozi wao alikuwako Paulo Mashambo. Boma lile lilikuwa alama ya amri: ndipo walipoitwa watu, na ndipo zilipotoka hukumu. Sasa watu walikuja bila kuitwa, wakakaa mbele yake muda mrefu, mashamba yao yakiwangoja mlimani.

Wanawake nao hawakunyamaza. Inasimuliwa kwamba walimtaka Bwana Shauri amalize ugomvi huo, au sivyo awape mimba wote yeye mwenyewe, maana ndiye aliyewazuia waume zao wasirudi nyumbani. Asiyejua desturi aweza kudhani kwamba hayo yalikuwa matusi. Kwa hakika yalikuwa hoja: serikali iliyojitwalia jina la mila ilikumbushwa kwamba mila ina wajibu wake, na kwamba nyumba isiyo na mume haizai.

Mwaka 1947 kodi ile ilikuwa imekwisha kuondolewa. Jina halikuondoka. Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alipochapisha mwaka 1971 kitabu chake juu ya mambo hayo, alikiita kwa neno hilo hilo, na hiyo ndiyo maana ya tatu: mbiru ni upinzani wenyewe.

Basi kamusi itakayolieleza neno hili kuwa ni ushuru tu itakuwa imeandika maana ya serikali, na kuiacha maana ya wenye lugha.