Joto Halipandishi Mshahara

Mtu angetarajia fundi wa viyoyozi alipwe vizuri zaidi mahali ambapo bila kiyoyozi watu hawalali. Nchini Marekani hali ni kinyume. Kwa takwimu za serikali za Mei 2024, mafundi wa mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa walikuwa na mshahara wa kati wa dola 59,810 kwa mwaka: nusu yao walipata zaidi ya hapo, nusu wakapata pungufu. Florida na Texas, ambako kazi hii ni tele mwaka mzima, ziko chini ya kiwango hicho. Massachusetts, Connecticut na Washington, majimbo ya baridi, ziko juu yake. Tofauti hii husemwa kuwa ni gharama za maisha, kisha mjadala unafungwa. Naona chanzo chake ni cha zamani zaidi. Kaskazini mafundi walijipanga kabla kiyoyozi hakijazaliwa. Kusini kiyoyozi kilipofika majumbani, sheria za kuvidhoofisha vyama vyao zilikuwa zimeshawekwa.

Kaskazini ufundi huu ulianza na mvuke. Majengo makubwa ya New York, Boston na Chicago ya karne ya 19 yalipashwa joto kwa boila iliyokaa chini kabisa ya jengo, mvuke ukipanda kwa mabomba ya chuma hadi kwenye radiata za vyumbani. Kiungo kilichofungwa vibaya kiliweza kumbabua mtu, au kuwaacha wapangaji wote wakitetemeka katikati ya Januari, na aliyejua kukifunga sawasawa alikuwa na sauti mbele ya tajiri. Mafundi bati waliunda chama chao cha kitaifa mwaka 1888. Mwaka uliofuata wale wa mabomba ya maji, gesi na mvuke wakaunda chao, United Association. Walichokishika kwa nguvu ni mambo mawili: malipo ya saa yaliyoandikwa kwenye mkataba, na uanagenzi. Kijana alianza akilipwa sehemu tu ya mshahara wa fundi, na sehemu hiyo ikakua mwaka hadi mwaka mpaka alipohitimu. Kwa hiyo Willis Carrier aliposanifu, mwaka 1902, mtambo wa kudhibiti unyevu kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa hata rangi zikakosa kukaa mahali pake, tayari palikuwa na watu waliojipanga wa kuipokea kazi hiyo mpya. Ufundi wa kupoza hewa uliwaingia wao, na bei yake ikaanzia pale walipokuwa wamekwisha kuifikisha.

Kusini mpangilio ulipinduka. Mwaka 1944 Florida iliandika katika katiba yake kwamba mfanyakazi asilazimishwe kuwa mwanachama wa chama ili apate kazi. Mwaka 1947 Texas ilipitisha sheria ya namna hiyo, na mwaka huohuo Bunge la Marekani, kwa sheria ya Taft-Hartley, likathibitisha kwamba majimbo yana haki ya kufanya hivyo. Tangu hapo chama kililazimika kumtetea hata asiyelipa ada, na mfuko wake ukakonda. Sasa tazama tarehe ya upande wa pili: sensa ya 1960 ilikuta viyoyozi katika takriban asilimia 18 tu ya nyumba za kusini. Mafuriko ya kazi yalikuja baada ya hapo, nyumba kwa nyumba, kwa wakandarasi wadogo wenye gari moja na vijana wawili, ambao hata chama chenye nguvu kingepata taabu kuwafikia.

Anayetetea hoja ya gharama za maisha ana sehemu ya ukweli, na Alaska, ambako umbali hupandisha bei ya kila kitu, ni shahidi wake. Lakini Florida inamwangusha: katika miaka ya karibuni bei zake zimepita wastani wa nchi, na mishahara ya mafundi hawa haijaufikia. Wengine husema fundi wa kaskazini anajua mengi zaidi, boila na kiyoyozi pamoja. Mara nyingi ndivyo. Hata hivyo, tangu 1994 yeyote anayegusa gesi ya mtambo wa kupoza lazima awe na cheti cha serikali kuu, ambacho ni kimoja nchi nzima na hakiishi muda. Aliyekipata Boston anaweza kufanya kazi nacho Houston, ila hawezi kuubeba mshahara wa Boston.

Pingamizi zito ni jingine, na halifai kupitwa haraka. Mshahara huo wa kaskazini ulilindwa pia kwa kufunga mlango. Chama cha mafundi bati cha New York, Local 28, kiliwapa nafasi za uanagenzi wana na jamaa za wanachama, na mwaka 1964 tume ya haki ya jimbo iliona kwamba kilikuwa kimewafungia nje watu weusi. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1986 iliunga mkono lengo la asilimia 29 ya wanachama wasio weupe. Aibu hiyo haifutiki. Inachohukumu, hata hivyo, ni nani aliyeruhusiwa kuingia. Kiwango chenyewe cha malipo hakikuwa na kosa, na waliofungiwa nje hawakuomba kishushwe. Walidai nao walipwe hichohicho.

Na kusini bado sheria inatangulia. Mwaka 2024 Florida iliwakataza viongozi wa kaunti na miji kuwataka waajiri wawape wafanyakazi wa nje maji, kivuli na mapumziko wakati wa joto kali. Sheria hiyohiyo inazizuia serikali za mitaa, kuanzia 2026, kutumia zabuni zao kumtaka mkandarasi alipe zaidi ya kima cha chini kilichowekwa na sheria.